Herufi Tisa za Ubao wa Nurrabit

NOELINE: Haloo? Nani huyo anapigia watu simu wakiwa kwenye gazeti?

DES: Haloo! Noeline? Habari za asubuhi, shemeji!

NOELINE: Nimeuliza nani.

DES: Ni mimi. Des.

NOELINE: Des wa wapi?

DES: Wa wapi tena, Des Tranter! Katibu wa kamati ya ukumbi. Mji mzima una Des mmoja.

NOELINE: Alikuwepo mmoja, kweli. Sijasikia sauti yake tangu mwezi wa tatu. Nikadhani naye tulishamfukia.

DES: (mkwaruzo) —sikusikii vizuri, mtandao huu—

NOELINE: Nimesema nilidhani umekufa!

DES: Ah. Hapana, nipo. Mzima kabisa. Na wewe, shemeji? Goti linaendeleaje?

NOELINE: Goti lipo pale lilipo. Na usiniite shemeji. Mume wangu alikuwa na rafiki yake, huyo ndiye aliyekuwa akiniita shemeji. Wewe ni katibu. Haya, sema shida yako, Bwana Katibu.

DES: Nani kasema nina shida?

NOELINE: Uko juu ya ngazi saa mbili na nusu asubuhi, mwezi wa nane, katikati ya baridi, na barafu kwenye majani. Umevaa kofia ya sufu ya mkeo. Mtu asiye na shida hafanyi hivyo.

DES: Unaniona?

NOELINE: Dirisha langu la jikoni linatazama ubao wenu wa matangazo, Des. Mwaka wa arobaini sasa linautazama.

DES: Basi kama unaniona— jana nilibisha hodi kwako. Juzi pia. Mbwa akabweka, pazia likasogea, mlango haukufunguliwa!

NOELINE: Pazia ni upepo.

DES: Hapakuwa na upepo.

NOELINE: Basi ni mbwa. Kwa nini unanipigia simu kutoka huko juu? Kwani ukishuka utakatwa mshahara?

DES: Mtandao, Noeline. Nurrabit nzima ina sehemu mbili tu za mtandao: juu ya ghala la ngano, na daraja la tano la ngazi hii. Nikishuka daraja moja tu, nakupoteza.

NOELINE: Ulishanipoteza zamani, wala hukuhitaji ngazi.

DES: Sasa sikia. Jaji anakuja leo.

NOELINE: Jaji gani? Kuna mtu kaua?

DES: Jaji wa shindano la miji safi! Tumeingia tatu bora. Jimbo zima, Noeline, tatu bora! Tumepaka mapipa yote ya taka rangi, tumefyeka hadi kwenye reli. Glenys kapiga deki kituo cha basi, na basi lenyewe halijapita hapa mwaka wa sita.

NOELINE: Nilimwona. Alipiga magoti. Kanisani hata kuinama hainami.

DES: Mwenyekiti anajituma bwana. Sasa jaji anafika saa tano kamili, na kitu cha kwanza atakachokiona akikata kona ni huu ubao. Na ubao ni mtupu! Hauna hata neno moja!

NOELINE: Si muandike.

DES: Kwa herufi zipi? Kasuku wamezibeba!

NOELINE: Kasuku.

DES: Wale weupe, wenye kishungi. Wewe si uko hapo hapo, unawaona kila asubuhi wanavyotafuna ule mpira wa pembeni mwa kioo cha ubao. Herufi tisa wamechukua. Tisa! Moja moja, tangu mwezi wa tano. Tumeweka bundi wa plastiki hapa juu awatishe, wanamkalia kichwani. Mmoja yuko juu yake sasa hivi, ananiangalia kama namdai.

NOELINE: Nunueni herufi nyingine.

DES: Ubao huu ni wa zamani kuliko ndoa yangu. Hawatengenezi tena herufi za saizi hii. Wanasema watachonga, wiki sita.

NOELINE: Bandikeni karatasi.

DES: Nilipendekeza. Glenys kakataa. Anasema karatasi ni taka, na taka ndiyo anachokuja kutafuta jaji.

NOELINE: Basi msimwandikie chochote. Aone ubao msafi. Si mnataka usafi?

DES: Noeline, tafadhali. Mwenye njaa hana miiko, mimi nimekuja kwako nikiwa na njaa. Mji mzima unajua lile fumbo la gazeti unalimaliza kabla chai haijapoa. Unapewa herufi tisa kwenye visanduku, mimi naona takataka tu, wewe unatoa maneno thelathini ya Kiingereza na lile refu linalotumia zote tisa. Sasa nakusomea nilizobaki nazo, unipe maneno. Basi. Wewe ni bingwa.

NOELINE: Huyo bingwa hakuwa na jina kwa miezi mitano.

DES: (mkwaruzo) —nini?

NOELINE: Soma.

DES: Eeh! Nilijua tu. Ngoja. A mbili. E mbili. I mbili. U moja. O hakuna hata moja. Halafu B, D, F, G, H, K. N mbili. P. R mbili. S. T mbili.

NOELINE: Na?

DES: Na X nne, Q tatu, Z tatu, J mbili. Hizo hakuna anayezitaka, hata ndege.

NOELINE: W hamna.

DES: W hakuna. Ndiyo kilio chenyewe, tulitaka kuandika WELCOME, neno moja tu, jina la mji tulishaliacha. Karibu! Mji gani hauwezi kumwambia mtu karibu? Zamani W ikipotea, Wal alikuwa anageuza M, miguu juu, nani angejua. Sasa hata M— Hata M hakuna.

NOELINE: Umemtaja mume wangu.

DES: Imenitoka.

NOELINE: Naona. Haya, maneno. Andika. HI.

DES: HI. Hiyo ni salamu. Sawa.

NOELINE: J unayo. HI JUDGE.

DES: Hujambo jaji. Noeline, hiyo ni salamu ya mtoto anampungia dereva wa lori.

NOELINE: Ndizo herufi zako.

DES: Glenys! Glenys, anasema HI JUDGE! ... Hapana, hayo ndiyo maandishi yenyewe! ... Kasema hapana. Kasema na mengine pia, lakini nina heshima zangu.

NOELINE: Mpe NEAT basi. Nadhifu.

DES: NEAT! N, E, A, T. Zote zipo! Ah, unaona sasa? Hilo ni neno la ushindi. Endelea, endelea.

NOELINE: FRIEND.

DES: Rafiki. F, R, I, E, N, D. Zipo! Mji rafiki. Zuri sana hilo, linamlainisha mtu.

NOELINE: HUSBAND.

DES: H, U, S— HUSBAND? Mume?

NOELINE: Mume. Zipo zote, hesabu.

DES: Zipo, lakini jaji ataona tunatafutia watu waume. Atadhani ni tangazo la Glenys.

NOELINE: GRIEF.

DES: Hilo ni... msiba, siyo?

NOELINE: Ile huzuni ya msiba. REGRET.

DES: Polepole. R mbili ninazo, E mbili... lipo. Majuto. Noeline—

NOELINE: Na REPENT.

DES: Tubu? Tumwandikie jaji atubu? Kafanya nini, maskini, amekuja kukagua mapipa! Hilo ni la kanisani!

NOELINE: Tena likae mstari wa juu, peke yake.

DES: Unanitania wewe.

NOELINE: Mimi? Nimetumia herufi ulizonisomea. Ukiondoa zile tisa, hayo ndiyo yanayobaki kwako, Des. Rafiki, mume, msiba, majuto, tubu. Siyo mimi niliyekubakizia.

DES: Mikono imeshikwa na baridi.

NOELINE: Vaa glavu. Kofia ya mkeo unayo, glavu zake huna?

DES: Hii ni ile habari ya mwezi wa tatu, eh?

NOELINE: Habari gani ya mwezi wa tatu? Kulikuwa na habari? Ubaoni sikuona.

DES: Shemeji—

NOELINE: Nimesema nini kuhusu hilo neno?

DES: Noeline. Ule ulikuwa mwongozo. Mwongozo wa matumizi ya ubao. Ulipitishwa kwa sababu ya hili shindano, tuonekane tuna mpangilio. Ubao ni wa matukio tu: saa, tarehe, mahali. Haukumlenga mtu.

NOELINE: Ulipitishwa lini?

DES: Tarehe sikumbuki.

NOELINE: Wewe ndiye unayeandika muhtasari.

DES: ...Jumanne.

NOELINE: Wal alikufa Jumatatu.

DES: (mkwaruzo) —mtandao—

NOELINE: Usinikwaruzie! Nakuona, hujasogea! Alikufa Jumatatu, siku yake ya ubao. Miaka thelathini na moja, kila Jumatatu kwenye ngazi hiyo hiyo uliyopanda. Kila mtoto aliyezaliwa Nurrabit alimwandika. Kila harusi. Kila maiti, Des, hata yule mzee wa kituo cha mafuta aliyemchukia. Akaenda akampangia jina lake na miaka yake, akanyoosha kila herufi kwa kidole. Halafu zamu yake ikafika, mkakaa kikao.

DES: Kilikuwa kikao cha kawaida.

NOELINE: Mkapitisha kwamba kifo si tukio.

DES: Hatukuandika hivyo.

NOELINE: Mliandikaje?

DES: Tuliandika... "taarifa za vifo hazihesabiki kuwa matukio kwa maana ya mwongozo huu."

NOELINE: Haya. Na wiki ile ubao ulisema nini? Gari la jeneza lilipita hapo chini, mimi nikiwa nyuma yake na mbwa miguuni. Lilipita polepole, nikapata muda wa kusoma. Ulisema nini?

DES: Unajua.

NOELINE: Nataka katibu anisomee.

DES: Bahati nasibu ya nyama. Ijumaa, saa kumi na mbili jioni.

NOELINE: Na nani alishinda?

DES: Noeline, usifike huko.

NOELINE: Nani alishinda sinia la nyama, Des?

DES: Mimi.

NOELINE: Mbavu za kondoo na soseji.

DES: Nilikuletea nusu! Niliacha mlangoni, nimefunika na kitambaa!

NOELINE: Mbwa anakusalimia. Alishukuru sana. Bado upo?

DES: Nipo daraja la tano.

NOELINE: Basi, tufanye fumbo letu. Zile zilizopotea. Umeziandika?

DES: Zimo kwenye rejista. Glenys aliagiza kila moja iandikwe na tarehe.

NOELINE: Nisomee.

DES: A. C. E. L. L nyingine. M. O. W. Y.

NOELINE: Tisa. Kama za gazetini. Ngapi ziliondoka siku moja?

DES: Moja kwa wiki.

NOELINE: Siku gani?

DES: Tulikuwa tunagundua... Jumatatu. Kila Jumatatu.

NOELINE: Kasuku wenye kalenda hao. Na kioo kinachofunika herufi kina kufuli?

DES: Kina kufuli. Lakini mpira wa pembeni umetafunwa, mdomo unaweza kupenya, tulijadili hilo kwa saa nzima—

NOELINE: Kasuku akaingiza mdomo, akaacha Z, akaacha X, akachagua Y.

DES: Glenys alisema labda anapenda rangi.

NOELINE: Zote ni nyeusi, Des.

DES: ...Zote ni nyeusi.

NOELINE: Tafuta neno. Bingwa ni mimi, lakini hili nakuachia wewe.

DES: Sina kichwa hicho mimi. YELLOW. Rangi ya njano. Si ndiyo? Y, E, L, L, O, W.

NOELINE: Zimebaki A, C na M. Lazima zitumike zote tisa.

DES: MELLOW.

NOELINE: Hizo sita. Bado tatu.

DES: CALM. COME. Ah, Noeline, jaji anakuja, Glenys huku chini ananitolea macho—

NOELINE: Wal hakuwahi kupata la herufi tisa hata siku moja. Miaka yote hiyo, kila asubuhi, penseli nyuma ya sikio. Anapata RAT, anapata TAR, anafurahi kama kashinda kamari ya farasi. Lakini hili angelipata. Anza na W.

DES: W. Inafuata... W, A... W, A, L...

NOELINE: Eeh.

DES: Oh.

NOELINE: Eeh.

DES: Noeline. Hili ni jina.

NOELINE: Lisome.

DES: Siwezi.

NOELINE: Lisome, Des. Mtu mmoja katika kamati yenu alisome kwa sauti.

DES: Wal Comley.

NOELINE: Huyo.

DES: Ni wewe. Siyo kasuku, ni wewe.

NOELINE: Kikulacho ki nguoni mwako. Ufunguo wa akiba Wal alikuwa nao, hamkuwahi kuuulizia. Kila Jumatatu nikimaliza chai nachukua kigoda cha jikoni, navuka barabara, nachukua moja. Mchana kweupe! Glenys alinipita na toroli la maua akaniambia "baridi leo." Nikamwambia ndiyo. Nina Y mfukoni!

DES: Mungu wangu. Na sisi tumeandikia halmashauri barua nne kuhusu ndege.

NOELINE: Nilikuwa nasubiri mtu mmoja aziangalie hizo tisa aone. Mmoja tu. Nikasema Des ataona. Aliyekula mezani kwetu kila Alhamisi ataona. Des akanunua bundi.

DES: Hoja ilipita kwa kura zote.

NOELINE: Hoja ya bundi?

DES: Ile nyingine. Ya mwongozo. Hujauliza nani aliyeitoa.

NOELINE: Glenys. Nani mwingine.

DES: Mimi.

NOELINE: Sikusikii. Kuna mkwaruzo.

DES: Hakuna mkwaruzo. Nimesema ni mimi. Glenys aliunga mkono tu. Walikuwa wameshaniambia, siku ile ile alipofariki. "Des, wewe ndiye rafiki yake, panda wewe umwandike." Jumanne asubuhi nikaja. Nikapanda hapa hapa. Nikashika W. Nikaiweka. Mkono ukakataa kuokota ya pili. Nikasema moyoni nikimaliza hili jina basi kweli amekufa, nitakuwa nimemzika mimi mwenyewe kwa mkono wangu. Nikaitoa nikashuka. Jioni nikaenda kikaoni na mwongozo nimeshaandika. Kurasa mbili. Nilikuwa sitaki aandikwe na mtu yeyote, Noeline, siyo kwa sababu ya dharau. Niliogopa. Basi. Niliogopa kama mtoto.

NOELINE: Ukaweka nyama.

DES: Nyama ilikuwepo tangu wiki ya nyuma. Niliiacha tu. Aliipanga yeye mwenyewe.

NOELINE: Aliipanga yeye.

DES: Ndiyo ya mwisho aliyoipanga. Sikutaka kuivunja.

NOELINE: Wewe mjinga, Des.

DES: Najua.

NOELINE: Mjinga wa mwisho. Ungevuka barabara ukaniambia hayo, tungelia wote tukamaliza. Miezi mitano!

DES: Mlango ulikuwa umefungwa.

NOELINE: Mlango huo hauna hata komeo! (anapenga kamasi) Ngoja. Ngoja kwanza.

DES: Unalia?

NOELINE: Ni kitunguu.

DES: Saa mbili na nusu asubuhi?

NOELINE: Nimesema kitunguu! Sasa nyoosha mkono, umshike huyo bundi wenu.

DES: Bundi?

NOELINE: Mfukuze kasuku, mgeuze bundi, chini ana tundu.

DES: Shii! Toka! Toka wewe! ... Ana kizibo. Kimebana. (mkwaruzo) Lo! Noeline! Zimo humu!

NOELINE: Tangu jana. Mlikuwa ndani wote mkijadili mfuniko wa pipa. Mlinunua mlinzi, nikaona nimpe kitu cha kulinda.

DES: W. M. Y hii hapa. Zote tisa! Glenys! Glenys, zimepatikana! ... Ndani ya bundi! ... Sijui, Glenys, ndege wana akili! ... Anaruka ruka. Anasema WELCOME, haraka, WELCOME.

NOELINE: Liandike basi. E mbili unazo.

DES: Naliandika. Na jina la Wal naliweka mstari wa chini, nalo pia— Aa.

NOELINE: Umeona.

DES: W ni moja.

NOELINE: Na M ni moja. C moja. O moja. Ni WELCOME ya jaji, au ni yeye. Vyote viwili havikai.

DES: Nikaweka WELCOME sasa hivi, halafu mchana jaji akishaondoka—

NOELINE: Wal asubiri tena kidogo.

DES: Kwa muda wa saa tatu tu.

NOELINE: Sijasema kitu. Herufi ziko mkononi mwako, mimi niko jikoni kwangu. Fanya utakavyo, wala sitakulaumu tena, nimechoka kulaumu. Nitaangalia tu dirishani.

DES: Hiyo ndiyo mbaya zaidi.

NOELINE: Najua.

DES: Tumeingia tatu bora, Noeline. Glenys kanunua na fremu ya cheti.

NOELINE: Nimesikia.

DES: Naona vumbi barabara kuu. Gari jeupe. Siyo saa tano hii, kaja mapema! Glenys, kaja mapema! ... Anasema nikimwaibisha nisiguse tena muhtasari maisha yangu yote.

NOELINE: Aliye juu mngoje chini, ndivyo anavyokungoja.

DES: (mlio) Hiyo nini— salio. Salio linaisha, dakika moja.

NOELINE: Mtu mzima na vocha za kuungaunga.

DES: Nimeweka W.

NOELINE: Naiona.

DES: Glenys anapiga makofi.

NOELINE: Kawahi mno. Maneno yote mawili yanaanza na hiyo.

DES: Hapa ndipo niliposhindwa siku ile. Hapa hapa, kwenye ya pili.

NOELINE: Jaji anataka E, Des.

DES: Najua jaji anataka nini. Mkono umekataa tena.

NOELINE: Ni baridi.

DES: Si baridi, shemeji.

NOELINE: Umeziba kwa bega, sioni. Des? Unaweka nini?

DES: —achia ngazi, Glenys! Usitikise, nitaanguka! Ndiyo, naijua hiyo si E! Nilisoma hadi darasa la nane!—

NOELINE: Des!

DES: Haya. Nimetoa bega. Umeona?

NOELINE: Nimeona.

DES: Nisomee. Nataka nisikie kutoka huko.

NOELINE: Ni A.

DES: Inaonekana vizuri?

NOELINE: Inaonekana. Ni A, shemeji.

DES: Glenys anaita kikao cha dharura hapa hapa barabarani. Jaji anateremka kwenye gari. Anauliza ni tukio gani hilo.

NOELINE: Mlete jikoni nimweleze tukio. Na wewe usishuke mpaka umefika kwenye Y, unasikia? Ukimaliza vuka, skonzi zipo kwenye oveni, chai naweka sasa hivi.

DES: Nakuja. Nakuja, shemeji. Mimi sukari—

NOELINE: Haloo? ... Haloo, Des? (simu imekatika) Sukari mbili. Najua. Haya, L hiyo. Inyooshe kidogo, Wal hakupenda zikikaa upande.